Kalenda za Guka Nilizichoma Mwenyewe

Nitaanza na kosa langu, ndio tuelewane mapema.

Agosti 2019 tulimzika guka, babake mathe, huko Kirinyaga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ile ya matanga boma lilijaa watu, na mimi kijana wa Nairobi, sijui kukama ng'ombe, sijui kupasua kuni, nikapewa kazi ya kusafisha chumba chake. Kwenye kona nikapata rundo la kalenda za ukutani. Zile za bure tu, ambazo maduka na viwanda vya kahawa hugawa Desemba. Ya zamani zaidi ilikuwa ya 1981.

Kila ukurasa ulikuwa na alama za kalamu ya bluu. Duara kwenye tarehe hii, duara mbili kwenye tarehe ile, halafu wiki nzima bila kitu. Nikamuuliza shosho hizi ni za nini. Akaniambia, "Ni za mvua. Guka wako alikuwa anaandika ikinyesha." Duara moja ni manyunyu. Duara mbili ni mvua ya kulowesha shamba. Na kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, kulikuwa na tarehe moja amepigia mstari: siku aliyoamini mvua ya njahi imeanza.

Nikafikiria, si ni kalenda kuukuu tu? Huko nje kina mama walikuwa wanatafuta karatasi za kuwashia moto. Nikabeba rundo lote nikawapelekea. Miaka thelathini na minane ya mvua ya kijiji kimoja ilichemsha chai ya asubuhi moja.

Hakuna aliyenigombeza. Hata mimi sikushtuka. Nilikuja kushtuka miaka minne baadaye, nilipoanza kusoma kuhusu kitu kinaitwa sayansi ya wananchi. Maana yake ni rahisi: watu wa kawaida, bila digrii ya mambo hayo na bila mshahara, wanaangalia mimea, wanyama, ndege au mvua, wanaandika walichoona, wapi na lini, na wanasayansi wanatumia hizo rekodi. Watu hudhani ni kitu kilikuja na simu za kisasa. Si kweli. Historia yake ni ndefu, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye madaftari ambayo mtu yeyote angeweza kuyachoma.

Mzee wa Norfolk

Mwaka 1736, kule Norfolk, Uingereza, mwenye shamba anayeitwa Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua. Siku ambayo mti fulani umetoa jani la kwanza. Siku aliyosikia vyura. Siku mbayuwayu wamerudi. Alikuwa na dalili 27 alizozifuata, na aliendelea zaidi ya miaka sitini. Alipokufa, familia yake ikaendelea, kizazi baada ya kizazi, mpaka 1958.

Sasa fikiria. Hakuna mtu mwaka 1736 aliyekuwa anaongea kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Marsham alikuwa anapenda miti, basi. Lakini miaka ya 1990 wanasayansi walipotaka kujua joto linabadilisha vipi majira ya mimea na wanyama, walikuta familia moja imewaandikia majibu kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Niliposoma hiyo stori niliweka simu chini. Marsham na guka walifanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba Marsham alikuwa tajiri, alijuana na wakubwa wa Royal Society kule London, na wakamsikiliza. Guka alikuwa na kahawa, ng'ombe wawili, na mjukuu mwenye kiberiti.

Krismasi bila bunduki

Stori ya pili ni ya Marekani. Karne ya kumi na tisa huko watu walikuwa na desturi ya ajabu siku ya Krismasi. Wanagawana timu mbili, wanaingia msituni na bunduki, na timu iliyoua ndege na wanyama wengi zaidi inashinda. Hawakuwinda kwa sababu ya njaa. Ulikuwa mchezo.

Mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la New York na kuhariri jarida la ndege, akaja na wazo lingine: Krismasi hii tuhesabu ndege badala ya kuwaua. Waliojitokeza walikuwa 27 tu, katika sehemu 25, nyingi zikiwa Marekani na chache Kanada. Walirekodi aina zipatazo 90.

Watu 27! Hiyo ni chini ya abiria wa matatu moja ya viti 33. Lakini mwaka uliofuata wakarudi, na uliofuata tena. Leo hesabu hiyo inafanyika katika vituo zaidi ya 2,000 kila mwaka. Na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Walijuaje? Walichanganya rekodi za miaka mingi, na nyingi kati ya hizo zilikusanywa na watu wa kujitolea, ikiwemo hiyo hesabu ya Krismasi.

Hapo ndipo nilielewa kitu. Mtu akiishi sehemu moja maisha yake yote, kupungua kwa ndege hakumshtui, kwa sababu kila mwaka wanapungua kidogo tu. Kila kizazi kinadhani hali iliyoikuta ndiyo ya kawaida. Mimi nimekua nikijua mito ya Nairobi ni myeusi na inanuka. Kwangu hiyo ndiyo kawaida. Bila rekodi ya kabla yako huwezi hata kujua umeibiwa nini.

Hapa kwetu

Kenya nayo ina historia yake, na haijanyooka.

Mwaka 1909, Nairobi ikiwa mji mchanga wa reli, wazungu wachache waliopenda wanyama na mimea walianzisha chama cha kuchunguza maumbile ya Afrika Mashariki na Uganda. Walikusanya ndege, wadudu, maua, na wakahitaji pa kuviweka. Ndipo wakaanzisha jumba dogo la makumbusho, pale ambapo leo kuna Nyayo House. Mwaka 1930 likafunguliwa jumba jipya kule kilimani, likapewa jina la gavana Coryndon. Hilo ndilo tunaloliita leo Makavazi ya Kitaifa. Kwa hivyo ile Museum Hill unayopita ukienda Westlands ilianza na watu waliokusanya vitu kwa kupenda tu. Chama chenyewe bado kipo, siku hizi tunakijua kwa jina la Nature Kenya.

Lakini tuseme ukweli. Waliokuwa na nafasi ya kuandika na kuchapisha wakati huo walikuwa walowezi, maafisa wa serikali na wamishenari. Mwafrika alionyesha njia, alibeba mizigo, alijua ndege fulani hutaga wapi na mti fulani huchanua lini, na mara nyingi jina lake halikufika kwenye karatasi. Hata mvua ilikuwa hivyo. Vipima mvua vya mwanzo viliwekwa misheni, vituo vya reli, ofisi za serikali na mashamba ya walowezi. Mvua ya kwa kina guka ilinyesha bila kipimo cha serikali.

Hiyo haimaanishi wazee wetu hawakuwa wanaangalia. Nenda Bunyore uulize kuhusu watu wa Nganyi. Kwa vizazi wamekuwa wakisoma miti, wadudu, vyura na upepo ili kutabiri mvua, na wakati wa ukoloni watu kama hao walichukuliwa kama waganga wa uongo. Miaka ya karibuni Idara ya Hali ya Hewa yenyewe imekaa nao chini, wakalinganisha utabiri wao na ule wa kisasa, wakatoa ujumbe mmoja kwa wakulima wa eneo hilo. Elimu ilikuwepo muda wote. Ilikosa daftari, na ilikosa mtu mwenye ofisi wa kuiheshimu.

Jumatano asubuhi

Mwaka 1971 kulianza matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, watu wakikutana pale Makavazi. Jina linalotajwa nayo siku zote ni Fleur Ng'weno, aliyeyaongoza kwa miongo kadhaa. Ni watu tu wanakutana, wanaenda msitu fulani au bustani fulani, wanahesabu, wanaandika.

Nilienda mara ya kwanza nikiwa nimetarmac miezi mitano. Sina kazi, sina darubini, nina nauli ya kwenda na kurudi. Nilidhani nitakuta wazee wa pesa na kofia za safari. Walikuwepo wachache, sitadanganya. Lakini pia kulikuwa na wanafunzi, mafundi, na jamaa mmoja ambaye ni konda, Jumatano ndiyo siku yake ya kupumzika. Yule konda alinionyesha ndege ambaye nimemsikia tangu nizaliwe na sijawahi kujua jina lake: kwarara, yule anayepiga kelele juu ya paa lako saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia nilidhani ni kunguru mgonjwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mchango wa watu kama hao si mdogo. Mwaka 1989 kilitoka kitabu cha Adrian Lewis na Derek Pomeroy chenye ramani za ndege wa Kenya nzima. Nchi iligawanywa kwa miraba ya karibu kilomita 55 kwa 55, na rekodi za watu wengi waliojitolea zikajaza miraba hiyo. Kisha mwaka 2013 ukaanza mradi wa Kenya Bird Map, miraba ikawa midogo sana, kama kilomita 9 kwa 9. Unaenda mraba wako, unaangalia kwa angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege unayoona au kusikia, kwa mpangilio uliowaona. Unatuma kwa simu.

Kwa nini saa mbili? Nilimuuliza konda. Akanieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Mtu akiandika tu ndege aliyemfurahisha, hujui kama wengine hawakuwepo au yeye hakuwaandika. Lakini kila mtu akikaa saa zile mbili na kuandika kila kitu, basi ndege asiyeandikwa pia anakuambia jambo. Watu 20 wakienda mraba mmoja na 18 wamwone tai, halafu baada ya miaka kumi watu 20 waende na wamwone 3 tu, hapo una ushahidi, hata kama hakuna aliyewahi kuona tai akifa.

Nikakumbuka zile wiki tupu kwenye kalenda za guka, siku zisizo na duara hata moja. Nilidhani ni siku ambazo hakuandika kitu. Kumbe aliandika: haikunyesha.

Kile daftari la zamani linaweza kufanya

Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada walitoa ripoti kuhusu ndege wala nyama wa Kenya, yaani tai, mwewe, vipanga na wenzao. Walichukua hesabu zilizofanywa barabarani kati ya 1970 na 1977, mtu anaendesha gari anahesabu anaowaona, wakazilinganisha na hesabu za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua.

Hebu rudi kwa hizo hesabu za 1970. Aliyekuwa kwenye gari wakati ule aliona tai wengi na pengine hakuona cha ajabu. Angeweza kusema, "Kwani nani hajui tai wapo wengi?" na asiandike. Leo tungekuwa tunabishana kwenye mitandao: wewe unasema wamepungua, mimi nasema ni stori za wazee, na hakuna wa kutuamua.

Mfano mwingine ni wa juzi juzi. Punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba na masikio makubwa, anaishi Kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa karibu 15,000. Wakawindwa, wakakosa malisho na maji, wakabaki wachache sana. Tatizo likawa kuwahesabu vizuri, kwa sababu wanatembea sana na eneo ni kubwa mno.

Januari 2016 likafanywa jambo ambalo kwangu ni moja ya mambo mazuri yaliyowahi kufanyika nchi hii. Kwa siku mbili mamia ya watu walitawanyika Laikipia, Samburu, Isiolo, Marsabit na kwingineko, wakiwa na kamera zenye GPS. Kulikuwa na maskauti wa jamii, askari wa wanyamapori, wanafunzi, familia kutoka Nairobi. Sheria ilikuwa moja: piga picha ubavu wa kulia. Milia ya kila punda milia ni tofauti na ya mwenzake, kama alama za vidole, kwa hivyo kompyuta inaweza kusema huyu ndiye yule tuliyemwona jana. Zilikusanywa picha zaidi ya 40,000. Hesabu ikatoka: karibu 2,350 nchini Kenya. Mwaka 2018 wakarudia, wakapata karibu 2,800.

Mchungaji wa Samburu alipiga picha, na picha yake ikawa na uzito sawa na ya profesa. Linganisha na 1909.

Ninachotaka kusema

Kuna watu watasema hizi ni shughuli za wenye muda na pesa. Nawaelewa. Nimekosa bando ya kutuma rekodi zaidi ya mara moja. Na kuna maswali ya haki: nani anafaidika na data ya mchungaji, na jina lake litatajwa wapi? Maswali hayo tuyaulize kwa sauti. Lakini tusiyatumie kama sababu ya kutoandika. Kwa miaka mingi historia ya maumbile ya nchi hii iliandikwa na wengine kwa sababu sisi hatukuwa na kalamu mezani. Sasa karibu kila mtu mtaani ana simu yenye kamera, saa na ramani, na tunaitumia kupiga picha chipo.

Ukiangalia ramani za miradi hii utaona rekodi nyingi ziko Nairobi, mbugani na pwani kwa watalii. Mtaa wako pengine uko tupu. Kijiji cha shosho yako pengine kiko tupu. Hakuna atakayekuja kukijaza kwa niaba yako.

Huhitaji kuanza na makubwa. Chagua kitu kimoja: mvua, mti mmoja nje ya ploti, marabu wa pale Nyayo. Andika tarehe, mahali, na ulichoona, hata siku ambayo hujaona kitu. Rudia. Ukipenda tumia programu kama iNaturalist, iliyoanza 2008 kama mradi wa wanafunzi huko California, au Kenya Bird Map. Na ukiona mnyama adimu usiweke eneo kamili kwenye mitandao, majangili pia wana simu. Zaidi ya yote, kabla ya kuchoma karatasi za mzee yeyote, zisome.

Mimi kalenda za guka sitazipata tena. Nilimwambia shosho ukweli mwaka jana, kwamba zile karatasi zilikuwa na maana kubwa na mimi ndiye niliyezichoma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyepika hiyo chai." Tukaiacha hapo.

Krismasi nilimpelekea kipima mvua cha plastiki na kalenda mpya. Alicheka, akauliza kama sasa nimekuwa mzee. Lakini kila ikinyesha ananipigia simu asubuhi, saa moja, ananisomea milimita. Mwaka huu aliniambia njahi imechelewa. Nikamuuliza imechelewa kuliko lini. Akasema, "Kuliko zamani."

Hilo jibu linaniuma kila mara. Zamani ya lini, shosho? Tarehe gani? Ilikuwa imeandikwa, kwa kalamu ya bluu.